Nimevunjiwa duka, rafiki anataka ninunue bastola ya magendo. Wakili, nifanye nini?

"Wakili, salamu. Niko Busia upande wa Uganda, nina duka dogo na uwakala wa MTN na Airtel. Mwezi uliopita usiku wamekuja vijana wanne na mapanga, wakavunja mlango wa nyuma, wakanipiga begani na ubapa wa panga, wakabeba pesa ya floti na simu mbili. Polisi wamekuja asubuhi wakaandika, mpaka leo kimya. Wiki iliyofuata jirani yangu akachukuliwa na watu wenye bunduki bila yunifomu, gari haina nambari, akarudi siku ya sita hawezi hata kukaa vizuri, na hakuna aliyemwambia kosa lake. Sasa silali. Rafiki yangu ananiambia kuna bastola inapatikana kwa bei ya ng'ombe mmoja, inapita njia za panya, haina makaratasi. Anasema Marekani wananchi wana bunduki ndio maana serikali yao inawaogopa. Mke wangu anakataa kabisa. Je, sheria yetu inaniruhusu kuwa na bunduki? Nikiinunua nikakaa nayo kimya kuna shida gani? Na hao watu wakija kwangu kama walivyokuja kwa jirani, nina haki gani?"

Ndugu yangu, pole sana. Pole kwa bega na pole kwa usingizi, maana mtu akishavamiwa kwake, kila bati likilia usiku moyo unaruka, na hali hiyo haiishi kwa kuambiwa jipe moyo. Mimi nafanya kesi za jinai, muda mwingi nakaa upande wa mshtakiwa, kwa hiyo ntakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja: hiyo bastola usiinunue. Mama watoto yuko sahihi. Ila sitaki ukubali tu kwa sababu wakili kasema, nataka uelewe kabisa kwa nini, kwa sababu huyo rafiki atarudi tena na atarudi usiku ambao umesikia mbwa wanabweka na uko tayari kukubali chochote.

Nikisoma swali lako naona hofu mbili zimefungwa kamba moja. Kuna majambazi, na kuna watu wa serikali wanaoweza kukubeba bila maelezo. Rafiki yako anasema dawa ya zote ni bastola. Mimi naona kwa majambazi bastola itakusaidia kidogo sana kuliko unavyofikiri, na kwa serikali ndio itawapa sababu ambayo leo hawana. Leo wakija kwako wanakuta mfanyabiashara aliyeibiwa, ana nambari ya ripoti polisi, ana majirani wanaomjua. Siku wakikuta chuma chini ya godoro umekuwa mtu mwingine kabisa kwenye makaratasi yao.

Sheria kwanza. Katiba yetu ya 1995 haina mahali inasema raia ana haki ya kumiliki bunduki. Kumiliki ni ruhusa, unaiomba, na wanaweza kukunyima. Inaongozwa na Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na anayetoa cheti ni Mkuu wa Polisi, yaani IGP. Kwa kawaida barua inaanzia chini, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anakujua au hakujui, inapanda kwa watu wa usalama wa gombolola na wilaya, inapita kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, wanaangalia rekodi yako, akili yako, sababu yako ya kuomba, kama umefundishwa kuitumia na utaiweka wapi. Ukipata bado una kazi ya kuihuisha kila mwaka, na risasi unazoruhusiwa zinahesabiwa. Sisemi haiwezekani, wapo wafanyabiashara wanazo kihalali. Nasema tu mtu wa duka la uwakala anayeishi nyumba ya kupanga na watoto wadogo, ombi lake lina mlima mrefu wa kupanda, na hata mimi ukiniuliza kama ndugu ningekwambia hiyo pesa na huo muda peleka kwenye mlango na ukuta.

Sasa hii ya kununua na kukaa kimya. Watu wengi wanafikiri kosa linaanza siku ukimpiga mtu risasi. Hapana. Kosa ni kuwa nayo bila cheti, basi. Haijalishi haijawahi kutoka kwenye mfuko, haijalishi uliinunua kwa sababu umeibiwa. Na ikikutwa nyumbani hawachukui wewe peke yako, wanabeba waliokutwa humo ndani, kwa hiyo mke wako ambaye amekataa toka mwanzo ndiye atakayelala stesheni akieleza kitu ambacho hakukitaka.

Halafu jiulize hiyo bastola imetoka wapi mpaka iwe bei ya ng'ombe. Silaha inayouzwa rahisi mpakani mara nyingi ina historia ambayo muuzaji anataka iwe ya mtu mwingine. Mtutu wa bunduki kwa ndani una mikwaruzo yake, risasi ikipita inachorwa, na ganda linalodondoka nalo linabaki na alama ya pini iliyoligonga, na mtaalamu akiweka maganda mawili chini ya hadubini anaweza kukwambia yametoka kwenye chuma kimoja. Baada ya mauaji ya afande wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwaka 2017 na mbunge Ibrahim Abiriga mwaka 2018, Rais akaagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama, na hiyo ni pamoja na zile za watu binafsi. Sasa wewe umenunua, majambazi wamekuja, umepiga moja juu kuwatisha, wamekimbia, umeshangilia. Asubuhi polisi wanaokota ganda kwenye ua wako. Kama chuma hicho kiliwahi kumtoa mtu roho Tororo au upande wa Kenya, mwenye kukieleza sasa ni wewe, na huna risiti, huna shahidi, muuzaji simu yake imezimwa. Na lingine nalijua kutoka kwenye kazi yangu: wauzaji wengine wa vitu hivi ndio hao hao wanaokwenda kutoa taarifa, anapata pesa yako na anapata sifa kwa afande, mzigo unabaki kwako.

Na hapa kuna jambo ambalo rafiki yako hajui au hataki kukwambia. Kwa miaka mingi raia aliyekutwa na silaha ambazo sheria inazihesabu kuwa za jeshi amekuwa akipelekwa mahakama ya kijeshi, kwa kutumia Sheria ya UPDF, yaani jeshi letu, ya 2005. Unakumbuka Agosti 2018 baada ya vurugu za Arua, mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine alifikishwa mbele ya mahakama ya jeshi Gulu kwa madai ya kukutwa na bunduki, baadaye mashtaka hayo yakaondolewa akashtakiwa uhaini mahakama ya kiraia. Novemba 2024 mwanasiasa mwingine wa upinzani, Kizza Besigye, akaonekana Makindye, Kampala, kwenye mahakama ya jeshi, na moja ya madai yalikuwa ni bastola, yaani kitu kama hicho unachouziwa wewe. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoanzishwa na aliyekuwa mbunge wa Nakawa Michael Kabaziguruka, ikasema kuwahukumu raia kwenye mahakama za jeshi ni kinyume cha Katiba. Tulifurahi sana sisi mawakili. Lakini Mei mwaka huo huo Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya UPDF, Rais akatia sahihi mwezi wa Juni, na mlango wa raia kupelekwa huko ukafunguliwa tena kwa makosa fulani, na moja ya hayo ni silaha. Kama watu wenye majina, wenye mawakili kumi na kamera za dunia nzima, wamesota hivyo kwa madai ya bastola tu, wewe mwenye duka Busia utasota vipi? Naandika hivi kwa uchungu, sio kukutisha.

Twende Marekani kidogo kwa sababu hoja ya rafiki yako inasikika sana siku hizi hasa kwa vijana wanaoangalia video. Ni kweli katiba yao ina kipengele cha pili cha nyongeza, cha mwaka 1791, kinachotaja haki ya watu kuwa na silaha, na mwaka 2008 mahakama yao kuu ikasema hiyo ni haki ya mtu binafsi kuwa na bunduki nyumbani kwa kujilinda. Na ni kweli wako Wamarekani wanaoamini kwa dhati kwamba raia mwenye silaha ndiye anayeizuia serikali isigeuke dhalimu. Wengine kule kule wanapinga. Huo ni mjadala wao na una historia yake. Ila tazama hata hao wenye bunduki, serikali ikiwagusa wanakimbilia wapi? Mahakamani. Hiyo kesi ya 2008 yenyewe ni mtu aliyekwenda mahakamani kuishtaki mamlaka ya mji, na hakuna risasi iliyopigwa.

Na sisi hatuhitaji kwenda mbali kujua inakuwaje raia wakiwa na bunduki nyingi mbele ya serikali, tuna Karamoja. Amin alipoanguka 1979 wanajeshi wakakimbia kambi ya Moroto wakaacha ghala la silaha wazi, wenyeji wakabeba. Kabla ya hapo walikuwa wanaibiana mifugo kwa mikuki, baada ya hapo ikawa kwa bunduki. Kila familia ikaona bila bunduki haiko salama kwa sababu jirani anayo, na jirani naye anasema hivyo hivyo. Je, serikali iliwaogopa? Serikali ilileta jeshi. Kulikuwa na kunyang'anya silaha kuanzia 2001, ikaja tena 2006 kwa nguvu, wanazunguka kijiji alfajiri, wanaume wote wanatolewa nje, wanakaa juani mpaka mtu aonyeshe bunduki, na asiyekuwa nayo anateseka zaidi kwa sababu hana cha kutoa. Rudia hiyo sentensi ndugu yangu. Asiyekuwa nayo anateseka zaidi. Mwaka 2021 wakaanzisha tena operesheni ikaitwa Usalama kwa Wote. Ukizungumza na mama wa Moroto au wa Kotido atakwambia bunduki zilileta nini kwenye boma lake, wezi kwanza na wanajeshi baadaye.

Kuna wanaotaja ibara ya 3 ya Katiba, ile inayosema raia wana haki na wajibu wa kuilinda Katiba, wanaifanya kama ruhusa ya kujihami kwa silaha. Ibara hiyo inaongelea mtu anayetaka kuipindua Katiba, haitoi leseni ya bastola kwa mtu yeyote. Na ukisoma ibara ya 29 pale inapokupa haki ya kukusanyika na kuandamana, imeweka sharti kwa amani na bila silaha. Nguvu aliyopewa raia kwenye Katiba yetu imewekwa mahali pengine, na ntafika huko, ila ngoja nimalize majambazi kwanza.

Fikiria ule usiku. Umelala, mlango umegongwa na jiwe, sekunde chache wako ndani, wanne, taa wanayo wao, wewe uko na bukta. Bastola, kama wewe ni mzazi mwenye akili, umeifungia mbali na watoto, funguo ziko mahali, risasi mahali pengine. Ukiifikia, hujawahi kufundishwa, mkono unatetemeka, ukuta wa chumba cha watoto ni tofali moja. Na usipoifikia wewe wataifikia wao, na safari ijayo watakuwa na mapanga na bastola yako. Zaidi ya hapo, habari ya kwamba fulani ana bunduki haikai siri mtaani, na kwa mwizi bunduki ni mali ya thamani kuliko floti yako. Hata wenye walinzi wenye mafunzo hawako salama moja kwa moja, tarehe 2 Mei 2023 waziri Charles Engola aliuawa na mlinzi wake mwenyewe aliyepewa bunduki ya kumlinda.

Kinachofanya kazi kwa mtu kama wewe ni vitu ambavyo havina sifa. Majambazi wamekuja kwa sababu walijua pesa inalala dukani, na walijua mlango wa nyuma. Kwa hiyo pesa isilale. Peleka floti benki au kwa wakala mkubwa jioni, na usiende saa ile ile kila siku wala na boda yule yule, na mtaani watu waone kwamba duka likifungwa droo iko wazi na tupu, hata uiache wazi makusudi ionekane. Mlango wa nyuma weka wa chuma wenye komeo la ndani la kupita upande mpaka upande, na taa ya sola yenye kuwaka mtu akipita, sio ghali tena. Ongeeni wenye maduka ya mstari huo mchange mlinzi mmoja wa usiku, na king'ora kimoja kinachosikika, na mkubaliane kikilia kila mtu anawasha taa na kupiga kelele akiwa ndani kwake, hakuna anayetoka peke yake. Mhusika wa ulinzi wa LC1 ajulishwe. Nambari ya OC, yaani mkuu wa stesheni, na ya DPC ziwe kwenye simu yako na ya mke wako, 999 na 112 nazo zipo lakini ile ya afande wa karibu inafika haraka.

Kuhusu kujilinda kwa mikono, sheria inakuruhusu kutumia nguvu kumzuia anayekushambulia wewe, familia yako au mali yako, mradi nguvu hiyo isizidi inayohitajika pale pale. Akija na panga ukampiga na mti akaanguka, uko ndani ya sheria. Akishaanguka amefungwa kamba halafu mtaa mzima ukaendelea kumpiga mpaka akafa, hayo ni mauaji na mtu wa kwanza kutajwa ni mwenye duka. Hilo nalisema kwa nguvu kwa sababu Uganda tumezoea sana kumchoma mwizi na nimeona baba za watu wanaingia jela kwa hasira ya dakika kumi.

Na ile kesi yako usiiache ilale. Walipoandika asubuhi ile waliandika kwenye kitabu cha stesheni, kwa hiyo kuna nambari ya SD. Rudi ukaidai, uliza limefunguliwa faili la kesi, lile la CRB, au bado, uliza jina la mpelelezi. Peleka maboksi ya simu zilizoibiwa au risiti zake, kwa sababu ile IMEI ya tarakimu 15 ndiyo inayoweza kufuatiliwa simu ikiwashwa na laini nyingine. Wakikuzungusha panda kwa OC CID, mkuu wa upelelezi, kisha DPC, kisha ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali iliyo karibu. Andika barua, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Hapo mtu anakuwa na jina na tarehe ya kujibu.

Sasa wale wa gari isiyo na nambari. Najua hili ndilo linakuuma zaidi, na sitakudanganya kwamba sheria iliyoandikwa vizuri inazuia mtu kubebwa. Tumeona watu wakichukuliwa kwenye zile gari watu waliziita dironi kipindi cha uchaguzi wa 2021, mpaka Machi mwaka huo waziri wa mambo ya ndani akaleta bungeni orodha ya majina ya waliokuwa wanashikiliwa. Kwa hiyo ntakwambia sheria inasemaje, halafu ntakwambia unafanya nini ile dakika.

Ibara ya 23 ya Katiba inasema ukikamatwa uambiwe hapo hapo sababu, kwa lugha unayoielewa, na haki yako ya kuwa na wakili unayemchagua. Ukiomba, ndugu zako wajulishwe. Wakili, ndugu na daktari wako wanaruhusiwa kukuona. Ushikiliwe mahali palipotambuliwa na sheria, na ndani ya masaa 48 ufikishwe mahakamani kama hujaachiwa. Bondi ya polisi haina malipo, hata shilingi moja. Ibara ya 24 inakataza mateso, na ibara ya 44 inasema marufuku hiyo haiondolewi hata wakati wa hali ya hatari, pamoja na haki ya kuomba mahakama iamuru mtu aletwe mbele yake, ile tunayoiita habeas corpus. Kuna Sheria ya kuzuia mateso ya 2012, afisa hawezi kujitetea kwamba aliagizwa na mkubwa. Na kuna Sheria ya kutekeleza haki za binadamu ya 2019, inayofanya afisa aliyevunja haki yako awajibike yeye mwenyewe kwa jina lake, mfukoni mwake, sio serikali tu. Hiyo ya mwisho nawaambia wateja wangu waishike kichwani, kwa sababu afande anayejua kwamba nyumba yake mwenyewe inaweza kuguswa anaongea tofauti.

Mtekaji hategemei bunduki yake peke yake, kazi yake inahitaji pia isijulikane nani kachukua nani, saa ngapi, kwenda wapi. Mtu mwenye bastola dhidi ya watu sita wenye SMG anakufa, na kesho taarifa inasema jambazi ameuawa akirushiana risasi na vyombo vya usalama, na bastola ndiyo ushahidi. Lakini mtu aliyechukuliwa mbele ya watu watano waliotaja jina lake, wakaandika saa, wakapiga picha gari, na ndani ya masaa mawili wakili ameshapiga simu stesheni tatu, huyo ni vigumu kumpoteza. Nimesimama mlangoni mwa stesheni nikiambiwa hatuna mtu wa jina hilo, na mashahidi wangu wana saa na rangi ya gari mkononi, na afande akaenda ndani akarudi akasema ngoja tuangalie vizuri.

Kwa hiyo wakija, usikimbie na usipigane, mikono ionekane. Paza sauti, taja jina lako kamili, waulize ni akina nani na wanakupeleka stesheni gani, uliza kwa Kiswahili maana askari na wanajeshi wetu wengi wanakisikia. Mke atoke nje apige kelele majirani waje, mmoja akimbie kwa mwenyekiti wa LC1. Wakitaka kupekua, omba kuona hati ya mahakama na vitambulisho. Zipo hali ambazo polisi wanaruhusiwa kupekua bila hati, kwa hiyo usiwazuie kwa mwili, ila sema wazi kwamba hukubali na unaomba mwenyekiti awepo. Tembea nao chumba kwa chumba. Mwisho kuna cheti cha upekuzi kinachoandikwa vitu vilivyokutwa, kisome chote kabla ya sahihi, na kama kuna kitu hakikutoka kwako kiandike hapo hapo kwamba unakikataa. Watu wanaogopa kuwekewa bunduki, na hiyo hofu sio ya bure, ila nyumba ambayo haijawahi kuwa na bunduki na mwenyekiti wa LC amesimama mlangoni ni kesi ninayoweza kuitetea. Nyumba yenye bastola halisi chini ya godoro nitakuja kukutetea pia, lakini nitakuja mikono mitupu.

Familia ianze kuhesabu masaa toka dakika uliyochukuliwa. Wazunguke stesheni, kila stesheni waandike waliyemuuliza na saa. Masaa 48 yakipita wakili au ndugu anaweza kwenda kwa hakimu aombe amri ya kuachiwa, na kama hata mahali ulipo hapajulikani wakili anakwenda Mahakama Kuu na habeas corpus. Tume ya Haki za Binadamu ina ofisi za mikoa, kwenu ya Jinja haiko mbali, inapokea malalamiko bure.

Jirani yako mwambie siku sita ni masaa 48 mara tatu, na Katiba yenyewe inasema aliyekamatwa kinyume cha sheria anastahili fidia. Haitakuwa rahisi wala haraka, na kuna wateja wangu wamesubiri miaka, nyumbani wanaulizwa hiyo kesi iko wapi, kwa hiyo asiingie akidhani ni ya mwezi mmoja. Ila ushahidi wake uko mwilini na unapona kila siku. Aende hospitali ya serikali akaandikiwe, picha za majeraha zipigwe zikiwa na tarehe, apate ile fomu ya polisi nambari 3 ijazwe na daktari, na kama anaogopa kwenda stesheni peke yake aende na wakili au mtu wa Tume. Asiandike mambo hayo kwenye simu kwa kila mtu kabla hajaongea na wakili.

Yapo mambo matatu ambayo maandishi yangu hayatoshi na inabidi umwone mtu ana kwa ana. La kwanza ni la jirani yako, tena wiki hii hii. La pili ni kama umeshaitwa kwa simu na mtu anayejiita afisa akitaka mkutane mahali ambapo sio ofisi, usiende, mpigie wakili. La tatu ni kama wakati unasoma hapa umeshatoa pesa au hicho chuma kimeshaingia nyumbani. Kama ndivyo, usikitupe kwenye mto, usimrudishie muuzaji, usikibebe kwenye boda kwenda stesheni kwa sababu ukisimamishwa njiani hakuna atakayeamini ulikuwa unakisalimisha. Usikiguse tena, watoto watoke chumba hicho, mtafute wakili kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote, yeye ndiye ataongea na DPC mapema na muende pamoja kwa maandishi. Na usiniandikie hapa kueleza, ongea naye uso kwa uso.

Kama huna pesa ya wakili, Chama cha Mawakili cha Uganda kina mradi wa msaada wa sheria, Justice Centres Uganda wapo, na mke wako akitaka wa kuongea naye mwenyewe FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia wanawake. Ukienda beba nambari ya SD, maboksi ya simu, majina ya majirani waliosikia usiku ule, na karatasi yenye tarehe na masaa ya yote mawili, la kwako na la jirani, yaandikwe leo kabla hujasahau.